Ng'ombe, Ngano na Swali la Mwenyeji

Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa hukumu katika rufaa ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, dhidi ya Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw, wilayani Hanang, na wanakijiji waliojiunga nayo. Wanakijiji walikuwa wameshinda katika Mahakama Kuu, Arusha. Walilalamika kwamba shirika liliingia kwenye malisho na mashamba yao, likalima, likapanda ngano. Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo. Ilisema kijiji hakikuonyesha kwamba kiligawiwa ardhi ile na mamlaka husika. Halafu ikaongeza jambo ambalo wanasheria wa ardhi bado hulitaja wakitikisa vichwa: wanakijiji hawakuthibitisha kwamba wao ni wenyeji kwa maana ya sheria, na asiye mwenyeji hawezi kudai ardhi kwa mila.

Mtu kazaliwa Hanang, babu yake kazikwa Hanang, ng'ombe wake wanajua njia ya kwenda kunywa maji bila kuswagwa, halafu anatakiwa alete ushahidi kwamba yeye ni mwenyeji. Swali hilo halikutungwa Arusha wala Dar es Salaam. Lina umri mkubwa, limevuka bahari zaidi ya moja, na ukilifuatilia nyuma linakufikisha Amerika ya Kaskazini, kwenye pwani ambako Waingereza walishuka na mabegi yao katika karne ya 17.

Mwaka 1629, kabla hata hajapanda meli, mwanasheria mmoja Mwingereza aitwaye John Winthrop aliandika hoja za kuwatuliza wenzake waliokuwa na wasiwasi. Walikuwa wanakwenda Massachusetts, na Massachusetts ilikuwa na watu. Je, ni halali kuchukua ardhi ya watu? Winthrop, ambaye baadaye alikuwa gavana wa koloni hilo, akajibu kwa utulivu wa mtu aliyesoma sheria: wale watu hawajazungushia ardhi yao ua, hawana makazi ya kudumu, wala hawana mifugo ya kuiendeleza ardhi hiyo. Kwa hiyo wana haki ya asili tu, kama ya kiumbe yeyote juu ya ardhi anayoikanyaga. Wakiachiwa kiasi cha kuwatosha, kilichobaki ni halali ya mgeni.

Hoja hiyo ilikuwa na kasoro moja kubwa. Watu wa pwani ile walikuwa wakulima. Walipanda mahindi, maharage na maboga katika shamba moja, wakachoma vichaka kwa majira ili nyasi changa zivute paa, na walihama kati ya mashamba, mito na misitu kwa ratiba waliyoijua wao. Ila hawakuwa na ng'ombe, na macho ya Winthrop yalitafuta ng'ombe.

Wasomaji wa Gehandu watalifurahia jambo hili kuliko wengine. (Nasema Gehandu bila kutaja wilaya, maana Hanang wana kata ya jina hilo na Mbulu nao wana yao, barua zikipotea msilaumu posta.) Huko Massachusetts watu walinyang'anywa ardhi kwa sababu hawakuwa na ng'ombe. Hanang wafugaji Wabarabaig walinyang'anywa kwa sababu hawakuwa na kingine zaidi ya ng'ombe. Mfugaji aliambiwa anatangatanga, hana makazi ya kudumu, haiendelezi ardhi. Vigezo vilipinduliwa juu chini, na jibu likabaki lilelile.

Waliotangulia

Tuanze na waliotangulia, maana hapo ndipo hadithi za pande zote mbili huharibiwa mapema. Kitabu cha shule kikisema Columbus aligundua Amerika mwaka 1492, kinafuta kwa sentensi moja miaka isiyopungua elfu kumi na tano ya watu. Huko White Sands, katika jimbo la New Mexico, kuna nyayo za binadamu zilizokauka kwenye matope ya ziwa la kale, na watafiti wamezikadiria kuwa na miaka kati ya 21,000 na 23,000. Karibu na mji wa leo wa St. Louis palikuwa na mji wa Cahokia, uliostawi miaka ya 1050 hadi 1200 hivi, wenye vilima vya udongo vilivyojengwa kwa mikono na vikapu. Kilima kikubwa kuliko vyote kina kimo cha mita 30 hivi na bado kipo. Walowezi walipokiona na kuona vingine vya aina yake walikataa katakata kwamba wenyeji ndio waliojenga. Wakabuni taifa lililopotea, watu weupe wa kale, mradi tu asitajwe aliyekuwepo.

Kwetu mambo hayakuwa tofauti sana. Katika nyanda za juu za Mbulu, upande wa Babati, kuna kijiji kiitwacho Luxmanda. Tangu mwaka 2012 wanaakiolojia, wakiwemo Watanzania Audax Mabulla na Agness Gidna, pamoja na Mary Prendergast na Katherine Grillo kutoka Marekani, wamechimba hapo makazi ya wafugaji waliokuwepo miaka 3,000 iliyopita. Wamekuta vyungu vilivyonakshiwa, mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, na tabaka nene za samadi ya kale. Hadi sasa ndiyo makazi makubwa kuliko yote yanayojulikana ya wafugaji wa zama hizo, na yaliyo kusini zaidi katika Afrika Mashariki. Yaani wakati Roma haijawa mji, kwenye Bonde letu la Ufa palikuwa na mtu anayeamka alfajiri kukamua.

Mifupa ya mtu mmoja aliyezikwa Luxmanda ilipimwa vinasaba, na matokeo yakatolewa mwaka 2017. Zaidi ya theluthi moja ya asili yake ilifanana na ya wakulima wa kale wa Mashariki ya Kati. Iliyobaki ilikuwa ya Kiafrika, inayowakaribia wawindaji wa kale wa Afrika Mashariki. Wafugaji wale walishuka kutoka kaskazini kwa vizazi vingi, wakichanganyika na waliowakuta njiani. Sitasema walikuwa Wairaqw, maana mfupa hauongei lugha. Ila Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, jamaa ya lugha za Ethiopia na Somalia, na kuwepo kwake Mbulu, kikiwa kimezungukwa na lugha za asili nyingine, kunaonyesha kwamba watu wa kaskazini walifika hapa zamani sana wakabaki.

Waliowakuta ni watu wa upinde. Wahadzabe, wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi na Bonde la Yaeda, hawazidi 1,500 hivi leo. Lugha yao ina vidoko, yaani zile sauti za kugonga ulimi, na wataalamu wamekosa kuiunganisha na lugha nyingine yoyote duniani. Hata kwa Wasandawe wa Kondoa, ambao nao wana vidoko, undugu haujathibitishwa. Wahadzabe wanaishi kwa mizizi, ubuyu, nyama na asali, na asali yenyewe mara nyingi huonyeshwa na ndege anayewaita kutoka mti hadi mti hadi kwenye mzinga.

Wahadzabe wana historia yao, na wameigawa katika enzi nne. Katika enzi ya kwanza, ya Akakaanebe, waliishi watu wakubwa wenye manyoya mwilini, wasio na moto wala zana, ambao walimkodolea mnyama macho akaanguka. Wa pili walikuwa na moto na waliishi mapangoni. Katika enzi ya tatu watu walikuwa wadogo zaidi, wakajenga vibanda na kukutana kwa mara ya kwanza na wageni na biashara ya chuma. Ya nne ndiyo hii tuliyonayo. Angalia jinsi wageni walivyowekwa: wanaingia katika enzi ya tatu, kama tukio moja kati ya mengi. Hakuna mahali wanaposema kwamba historia ilianza siku mgeni alipofika. Ningependa mwalimu mmoja wa historia aandike enzi hizo nne ubaoni kando ya 1492, awaache wanafunzi wabishane.

Majirani wasioelewana, wanaooana

Simulizi ya Wairaqw inaanzia Ma'angwatay, mahali ambapo wote walikaa pamoja. Kiongozi wao aliitwa Haymu Tipe. Vijana walikuwa wengi, wana nguvu, na hawana pa kuzitumia. Wakamwomba awaletee vita. Akakataa. Wakamficha mwanawe wa pekee, Simboya, wakamwambia hatamwona hadi vita ije. Mzee akashindwa, akawaletea Wabarabaig, na vijana wakafa kwa wingi. Waliosalia wakaondoka, wakatawanyika, mwishowe wakafika kwenye vilima vya Irqwa Da'aw, ambavyo wengi wanavijua kwa jina la Mama Isara, miaka mia mbili hadi mia tatu iliyopita. Wapo wanaosimulia kwa namna nyingine, ila kiini kinabaki. Kinachonivutia ni kwamba taifa zima linasimulia chanzo chake na kulaumu vijana wake wenyewe. Sijaona koloni lililojiandikia historia ya namna hiyo.

Huko Irqwa Da'aw walijibana kwenye miteremko, wakalima kwa mbolea ya zizi na matuta, na nyumba zao wakazichimbia ardhini, paa likiwa la udongo na nyasi, sawa na mteremko wenyewe. Mmasai aliyekuja kuiba ng'ombe angeweza kupita juu ya paa akidhani anakanyaga kilima. Hawakuwa na mtemi. Kila eneo, aya kwa lugha yao, lilikuwa na msemaji wake, kahamusmo, na mpaka wake ulifanywa kwa ibada: mnyama wa kafara alizungushwa kuufuata. Mpaka huo haukuandikwa popote, lakini kila mtu aliujua, na aliyeukiuka alijua nini kinamngoja.

Wadatooga, ambao Wabarabaig ni sehemu yao kubwa, walitoka kaskazini pia, lakini kwa njia nyingine na kwa lugha ya Kiniloti. Kabla ya Wamasai kuwaondoa, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Ngorongoro ilikuwa yao, na hadi leo wapo wanaokwenda kuyazuru makaburi ya wazee wao ndani ya kreta. Wamasai ndio waliowaita Wamang'ati, adui, na jina likashika hata katika Kiswahili cha mjini. Wao wenyewe hawalipendi. Walishuka hadi uwanda unaouzunguka Mlima Hanang, ambao kilele chake kinapita mita 3,400, wakagawanya malisho kwa majira: huku kiangazi, kule masika, pale pa kulamba chumvi kando ya maziwa ya magadi ya Balangida.

Mgeni wa Kizungu aliyepita hapo angeuliza serikali iko wapi. Ilikuwepo, ila haikukaa mahali alipopatazamia. Kati ya Wabarabaig wanawake wana baraza lao, girgwageda gademga, ambalo linaweza kumhukumu mwanamume aliyevunja heshima ya mwanamke na kumtoza ng'ombe, naye hulipa. Huko Amerika ya Kaskazini, mataifa ya Haudenosaunee, ambayo Wazungu waliyaita Iroquois, yalikuwa na wanawake wakuu wa koo waliochagua viongozi wa kiume na kuwavua madaraka wakipotoka. Wajumbe wa Kiingereza walikwenda kufanya mapatano na wanaume waliokaa kwenye mikeka, hawakujua waliowaketisha pale walikuwa nyuma, wanasikiliza. Makosa ya aina hiyo yalirudiwa Mbulu, kama tutakavyoona.

Nisije nikachora picha ya pepo. Majirani hawa walipigana, wakaibiana mifugo, wakauana. Wahadzabe walisukumwa na kila aliyefika. Lakini pia walioana sana. Koo nyingi za Kiiraqw zinakiri kwamba babu yao alikuwa Mdatooga. Walibadilishana maziwa kwa nafaka, wakapeana ng'ombe wa kutunza. Eneo hili dogo la Mbulu, Hanang na Kondoa ndilo linalotajwa na wataalamu kuwa mahali ambapo makundi yote makubwa ya lugha za Afrika yanakutana: Kikushi, Kiniloti, Kibantu na lugha za vidoko. Kushindana kwao hakukuhitaji mmoja athibitishe kwa karatasi kwamba mwenzake hayupo.

Ugonjwa ulitangulia bunduki

Mwezi Machi mwaka 1892 msafiri wa Kiaustria aliyetumwa na Wajerumani, Oscar Baumann, alipita Ziwa Manyara, Ngorongoro na Eyasi, na baadaye katika safari hiyohiyo akapita nchi ya Wairaqw na Wabarabaig. Yeye ndiye Mzungu wa kwanza kuandika kuhusu maeneo hayo. Alichokikuta hakikuwa Afrika ya kawaida. Miaka miwili nyuma sotoka ilikuwa imeshuka kutoka Pembe ya Afrika na kuua karibu ng'ombe wote. Baumann aliandika juu ya Wamasai waliobaki mifupa, wanawake na watoto waliokuja kambini mwake kuomba chochote. Nyuma ya sotoka ilifuata ndui, na nyuma ya ndui vichaka. Ng'ombe wakifa hakuna wa kula majani, watu wakifa hakuna wa kufyeka, na kwenye kichaka ndimo mbung'o huzaliana.

Sasa mtazame mtu wa Patuxet. Tisquantum alitekwa na nahodha Mwingereza mwaka 1614 kwenye pwani ya Massachusetts, akapelekwa kuuzwa Hispania, akajinasua, akafika London, na mwaka 1619 akafanikiwa kurudi kwao. Hakukuta mtu. Maradhi yaliyoletwa na meli, ambayo wanahistoria bado wanabishania yalikuwa yapi, yaliua kijiji chake chote kati ya mwaka 1616 na 1619. Mwaka uliofuata meli ya Mayflower ilifika, na abiria wake wakajenga mji wao wa Plymouth hapohapo Patuxet, juu ya mashamba yaliyokwisha kulimwa na watu waliokufa. Wakamshukuru Mungu kwa kuwaandalia mahali.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba Wazungu walikuta ardhi tupu, iwe Amerika au Tanganyika. Walikuta ardhi iliyotoka kufiwa. Ramani na ripoti zilizochorwa katika miaka hiyo, wakati malisho yamegeuka pori, ndizo zilizotumiwa na waliofuata kuamua nani alikuwa anakaa wapi.

Amri za makaratasi

Novemba 1895 Kaisari wa Ujerumani alitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ni mali ya taji, isipokuwa pale ambapo mtu au chifu anaweza kuthibitisha umiliki wake. Rudi kwenye hukumu ya 1985 uone neno hilo la kuthibitisha lilikotoka. Kwa Wabarabaig, Wajerumani walileta amri nyingine za haraka zaidi. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia waliwanyonga viongozi wao, akiwemo Gidamowsa, ambaye jina lake bado linatajwa.

Waingereza walipochukua nchi walikuja na adabu zaidi na karatasi nyingi zaidi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya Gavana. Mwananchi alibaki na haki ya kukaa na kutumia. Miaka mia moja kamili kabla yake, mwaka 1823, Jaji Mkuu wa Marekani John Marshall alikuwa ameamua katika kesi ya Johnson dhidi ya M'Intosh kwamba taifa la Ulaya lililogundua nchi ndilo lililopata umiliki, na Wahindi Wekundu, kama walivyoitwa, walibakiwa na haki ya kukaa tu. Tena yeye mwenyewe alikiri katika hukumu hiyo kwamba madai ya kugeuza ugunduzi kuwa ushindi yanaweza kuonekana ya kupita kiasi, lakini nchi imekwisha jengwa juu yake na mahakama haiwezi kuyapinga. Sheria ya Tanganyika angalau ilirekebishwa mwaka 1928, ikatambua kwamba wananchi wanaoshika ardhi kwa mila nao wana haki. Marekebisho hayo ndiyo yaliyowapa watu wa Mulbadaw hoja ya kwenda nayo mahakamani, na tafsiri yake finyu ndiyo iliyowaangusha.

Mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, ukaja utawala wa kupitia wenyeji. Ulihitaji machifu. Wairaqw hawakuwa nao, kwa hiyo wakatengenezewa. Makahamusmo na wataalamu wa ibada wa ukoo wa Manda walikaa pembeni wakitazama mtu mmoja akivikwa mamlaka ambayo hakuna ibada yoyote iliyompa. Serikali ikawafanyisha watu kazi ya kufyeka mapori ya mbung'o, Wairaqw wakasambaa kutoka vilimani hadi Karatu, Babati na Hanang, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakaamriwa wapunguze mifugo. Mtu aliyefundishwa na babu yake kwamba ng'ombe ndio akiba, mahari na jina lake, aliambiwa na afisa kwamba wamezidi.

Mbulu ililipiza kwa kura. Katika uchaguzi wa mwaka 1960, TANU ilishinda viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria. Kiti kimoja tu kiliponyoka, nacho kilikuwa cha Mbulu. Chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo wa Wagorowa. Watu wakamchagua Herman Elias Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama kama mgombea binafsi. Baadaye alirudi kundini, na siku hizi tukio hilo linatajwa kwa tabasamu. Mimi nalichukulia kwa uzito. Ndani ya nchi nzima iliyokuwa inaimba wimbo mmoja, watu wa vilima hivi walisema watachagua wenyewe wa kuwasemea.

Ngano ya Basotu

Uhuru ulipokuja, wengi walidhani mambo ya mwenyeji na mgeni yamekwisha. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa msaada wa Canada, serikali iliendesha mradi mkubwa wa ngano kwenye uwanda wa Basotu. Mashamba saba ya NAFCO yalichukua ekari takribani 100,000, zikiwemo sehemu bora za malisho ya Wabarabaig, yale mabonde yenye udongo mzito ambako ng'ombe walipelekwa masika. Ripoti za mradi zilisema ardhi hiyo haikuwa ikitumika. Mkanada aliyekuja na trekta lake alitoka katika nchi ambayo uwanda wake wa ngano ulikuwa wa wenyeji wake, Wacree na Wablackfoot, karne moja tu kabla. Sidhani kama kuna aliyemkumbusha.

Jambo lililowauma Wabarabaig kuliko yote ni makaburi. Mzee mwenye heshima hujengewa bung'eda, kaburi la udongo na miti linalopandishwa tabaka kwa tabaka kwa miezi tisa hivi, na ibada yake hukusanya watu wa koo nyingi. Baada ya hapo kichuguu kinabaki peke yake uwandani, nyasi zinaota juu yake, na wajukuu wanakuja kumwomba babu. Kwa dereva wa trekta ni tuta tu. Makaburi mengi yalilimwa. Malalamiko juu ya makaburi hayo na juu ya watu waliopigwa na kuchomewa nyumba yalifika mbele ya tume ya uchunguzi, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Baadaye mashamba yalibinafsishwa, na sehemu ya ardhi ikarudishwa kwa wananchi. Bung'eda iliyolimwa haikurudishwa na yeyote.

Tusiseme tu juu ya NAFCO na Wazungu. Pita Hanang leo usome majina ya kata: Gidahababieg, Getanuwas, Basodesh. Ni majina ya Kidatooga, ila wanaolima humo wengi ni Wairaqw na wageni wa karibuni kutoka Singida na Arusha. Ukienda Massachusetts, Connecticut au Mississippi utakuta hali ileile, majina ya watu ambao mashamba yao yana wenyewe wengine. Na katika Bonde la Yaeda, mkulima na mfugaji wanapokata miti wanamsukuma Mhadzabe, hawamwulizi kama amethibitisha chochote. Serikali nayo ilijaribu kuwakusanya Wahadzabe kijijini Yaeda Chini kuanzia mwaka 1964, maradhi yakawashika, wengi wakarudi porini. Mwaka 2007 kulikuwa na mpango wa kuwapa matajiri wa Falme za Kiarabu kitalu cha kuwindia katika bonde hilohilo, ukaachwa baada ya kelele.

Hata hivyo kuna jambo moja lililotendeka vizuri, nalo linafaa kuigwa. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda Chini walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya ardhi yao, zaidi ya hekta 20,000, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Hati hiyo imetolewa kwa jamii nzima kwa pamoja, wala si kwa mtu mmoja mmoja, na kuwinda na kukusanya matunda kumehesabiwa humo kuwa matumizi halali ya ardhi. Winthrop angeshangaa sana.

Kwa hiyo kwa wasomaji wa Gehandu zote mbili, wa Mulbadaw, Katesh, Basotu na Mbulu mjini: msingoje rufaa ndiyo mtafute ushahidi. Wazee wanaojua njia za mifugo, mipaka ya aya na mahali pa kila bung'eda bado wapo, ila hawatakuwepo miaka yote. Shule sasa zina somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Mwalimu anaweza kuwatuma wanafunzi kwa babu na bibi zao wakiwa na kalamu, wakarudi na majina, majira na mahali. Kijiji kikiwa kinapanga matumizi ya ardhi, malisho ya masika na makaburi yaingizwe kwenye mpango huo kwa jina, na hati ya kimila iombwe kwa jamii nzima pale inapofaa. Anayetaka kuanza aende wiki hii masjala ya ardhi ya kijiji chake, aombe kuonyeshwa daftari, atazame kama kaburi la babu yake limeandikwa humo. Kama halimo, adai liandikwe.